Mteremko Usio na Mto: Nyenzo za Mtandaoni za Hisabati na Uhandisi katika Shule za Kasese na Bwera

Mjadala kuhusu nyenzo za kujifunzia mtandaoni nchini Uganda umekaa mno kwenye upatikanaji: nani ana simu, nani ana umeme, nani ana fedha za bando. Suala hilo lina uzito. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Tangu Julai 2021 data za intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12. Sheria inasamehe data za elimu, lakini mwalimu wa Bwera anunuapo bando hakuna amwulizaye kama ni la jometri au la kandanda. Hata hivyo, kikwazo hiki kina njia za kukizunguka. Kolibri huhifadhi masomo kwenye kompyuta moja na kuyasambaza darasani bila intaneti. GeoGebra ikishasakinishwa, na majaribio ya kuigiza ya PhET yakishapakuliwa, hutumika vivyo hivyo. Kinachostahili kuhojiwa zaidi ni maudhui.

Mfano ni dhana ya mteremko. Katika GeoGebra mwanafunzi husogeza nukta mbili na kuona papo hapo thamani ya mteremko ikibadilika. Ubao na chaki havifui dafu hapo. Lakini mstari ule hauna mahali. Kasese mteremko una jina: ni Nyamwamba, mto ushukao kutoka Rwenzori kupitia Kilembe hadi mjini, uliofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaharibu hospitali ya Kilembe. Ni Mubuku pia, ambako tofauti ya kimo huzalisha umeme. Mfereji wenye upana wa mita 2, kina cha maji cha mita 1 na kasi ya mita 3 kwa sekunde hupitisha mita za ujazo 6 kila sekunde. Kina kikiwa mita 2, jibu jepesi ni 12. Jibu la mhandisi ni zaidi ya hapo, kwa kuwa katika mteremko uleule maji yenye kina kikubwa hukimbia kwa kasi zaidi. Pengo baina ya majibu hayo mawili ndilo linaloamua urefu wa ukuta wa kingo. Masomo ya Khan Academy, kwa ubora wake wote, hugawa maarifa katika stadi moja moja. Kazi ya kuziunganisha humwangukia mwalimu, na mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unamdai aifanye.

Kuna pia suala la lugha. Vipindi vya Ubongo Kids vya Dar es Salaam vimefundisha hesabu kwa Kiswahili tangu 2014, ila vimelenga watoto wa msingi. Tanzania yenyewe huhamia Kiingereza sekondari, hivyo nyenzo za Kiswahili hupungua pale pale uhandisi unapoanza. Baadhi ya majaribio ya PhET yana tafsiri, lakini ni ya maneno machache ya kwenye skrini. Maelezo ya kwa nini maji yanakimbia hayamo. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Halikukifanya lugha ya kufundishia hisabati, wakati sokoni Mpondwe, hatua chache kutoka Kongo, hesabu hufanywa kwa Kiswahili kila siku ya soko.