Heko kwa Wanaojua Kurudi Nyuma

Programu ya benki ikibadilishwa mchana kweupe na mteja asihisi chochote, kuna watu wa kushukuriwa. Hao ni wahandisi wanaopeleka matoleo mapya kwenye seva za wingu. Wepesi wao wa kurudi nyuma ndio unaostahili sifa kuliko kasi yao.

Toleo jipya hawalimwagi kwa wote. Hulionjesha asilimia 1 ya watumiaji, wakakodolea macho idadi ya makosa na kasi ya majibu, kisha 10, kisha 50. Wengine huandaa mazingira mawili pacha: moja linahudumia, la pili linapokea toleo jipya. Wateja wakishahamishwa na mambo yakaenda mrama, hurudishwa mara moja, maana la zamani halijazimwa. Hata kwenye hifadhidata huongeza safu mpya kwanza. Ya zamani hufutwa baadaye.

Thamani ya adabu hiyo ilionekana tarehe 1 Agosti 2012. Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, iliacha seva moja kati ya nane bila toleo jipya. Mambo yakaharibika, na katika taharuki, mafundi wakaling'oa kwenye zile saba zilizokuwa sawa, mambo yakazidi kuharibika. Ndani ya dakika 45 hivi, zaidi ya dola milioni 400 zikayeyuka.

Tahadhari kabla ya athari. Hongereni mnaofanya mazoezi ya kurudi hata siku ambayo hakuna kilichoharibika.