Almasi ya Shilingi Kumi

Kharumwa, wilayani Nyang'hwale, ni mji uliozoea kupima vitu vidogo. Mchimbaji hutoka mwaloni, anakochenjulia mawe yake, na pointi chache za dhahabu zimeviringishwa kwenye kipande cha karatasi, na mnunuzi huuinamia mzani wake akiwa amebana pumzi. Pointi moja ni sehemu ya kumi ya gramu, wala hakuna anayeidharau. Ndiyo maana naamini watu wa Nyang'hwale wana jicho la kumwelewa mchoraji wa stempu.

Stempu ninayoipenda kuliko zote ni ya shilingi 10, katika seti iliyotolewa Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru. Wenzake kwenye seti hiyo ni muuguzi, wachumaji wa kahawa, simba wa Serengeti. Hii yangu ina almasi na mgodi. Kwetu huku mgodi wa almasi unaojulikana zaidi ni Mwadui, alikozigundua John Williamson mwaka 1940. Mwaka 1947 lilitoka humo jiwe la waridi la karati 54.5, likatolewa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, likakatwa na kuwekwa kwenye bruchi ya kifuani. Miaka 14 baadaye almasi ikarudi kwetu kwa namna nyingine: kipande cha karatasi ambacho karani wa posta angeweza kukilamba na kukibandika kwenye kifurushi cha mtu yeyote.

Fikiria kazi yenyewe. Nafasi haifiki upana wa vidole viwili, na ndani yake lazima liingie jina la nchi, bei isomeke hata kwenye mwanga hafifu wa kaunta, kisha picha. Mchoraji huchora kwa ukubwa mara kadhaa zaidi, halafu mchoro unapunguzwa. Hapo ndipo fundi na asiye fundi huachana. Manyoya yaliyopendeza mezani hugeuka doa, na mstari mwembamba hupotea kabisa. Kwa hiyo anayeijua kazi huchora akiwa tayari anaona kile kitakachobaki, na mengi aliyoyaweza huyaacha kwa hiari yake.

Uchapaji nao ni ufundi wa pekee. Mwaka 1922 Tanganyika ilipata stempu zenye kichwa cha twiga, zilizochapwa kutokana na mchoro uliochongwa kwa mkono kwenye chuma, mstari kwa mstari, picha ikiwa imegeuzwa kushoto kulia. Wino ulikaa ndani ya mikwaruzo hiyo, karatasi ikaufuata kwa kukandamizwa. Stempu za namna hiyo ukizipapasa kwa ncha ya kidole unauhisi wino umeinuka. Zile za samaki za mwaka 1967, alizozichora Rena Fennessy, zilipita njia tofauti: picha iligawanywa kuwa vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kwenye vyenye kina kirefu wino ukawa mwingi na rangi ikakolea, kwenye vyenye kina kidogo rangi ikafifia. Ndivyo mgongo wa samaki unavyopata kivuli laini. Chukua lenzi ya mnunuzi wa dhahabu, uangalie.

Kuna wakati mkono wa mtu ulionekana wazi zaidi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar haikusubiri stempu mpya. Zile zenye picha ya Sultani ziligongwa mhuri kwa mkono, JAMHURI 1964, moja baada ya nyingine. Mhuri mwingine umekaa upande, mwingine umefifia. Sijaona kumbukumbu ya siku zile iliyo karibu zaidi na joto lake.

Na ninaushukuru moyo wa waliochagua wanyama wa seti ya Tanzania ya mwaka 1980. Tembo na simba wamo, na bei zao kubwa. Lakini wamo pia pimbi na nyegere, wanyama ambao mgeni wa mbugani hawafuati, ila mchunga ng'ombe wa Kisukuma anawajua tangu utotoni. Nyegere wa senti 50 alipewa stempu yake, kama alivyopewa tembo wa shilingi 20.

Kama nyumbani kwenu kuna sanduku la bahasha za zamani, barua za mjomba aliyefanya kazi Mwadui au za shangazi aliyeolewa Tabora, usizichome. Wala usizibandue stempu zikiwa kavu, zitachanika. Kata karatasi kuizunguka stempu, ukiacha pambizo. Iloweke kwenye maji safi ya uvuguvugu mpaka iachie yenyewe, uilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, na ikishakauka iweke chini ya kitabu kizito usiku mmoja.