Wimbo na Haki za Watu: Kutoka Unguja ya Siti hadi Kitengela

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuzitazama nyimbo chache za Afrika Mashariki zilizosimama upande wa haki za binadamu, na kuuliza swali moja: je, ni kitu gani katika lugha na umbo la wimbo kinachouwezesha kuitumikia haki? Swali hili ni la lazima kwa kuwa desturi iliyoenea ni kuupima wimbo kwa msimamo wa mwimbaji. Akiwatetea wanyonge, husifiwa, akinyamaza, hulaumiwa, na wimbo wenyewe huachwa bila kuchambuliwa. Dhamira njema ni jambo la kuheshimiwa, lakini haitoshi kuusimamisha wimbo uliokosa fani.

Mjadala wetu utaishia Kitengela, mji ulioko kwenye barabara ya Nairobi kwenda Namanga, katika Kaunti ya Kajiado. Mambo yaliyotokea huko mwaka 2024 yanalitoa swali letu darasani na kuliweka mlangoni pa watu.

Wimbo wa Ushahidi

Siti binti Saad hahitaji kutambulishwa kwa wasomaji wa jarida hili. Maisha yake yameandikwa na Shaaban Robert, na sauti yake ilianza kunaswa kwenye santuri huko Bombay mwaka 1928. Miongoni mwa nyimbo zake uko ule unaojulikana kwa jina la Kijiti, unaosimulia habari ya mwanamke aliyeuawa Unguja. Muuaji alitoroka, na walioadhibiwa wakawa wanawake waliofika mahakamani kueleza yaliyotukia. Wimbo huu hauna hotuba juu ya haki. Unaeleza nani alifanya nini, wapi, na mahakama iliamua vipi. Uamuzi wa pili, yaani ule wa kuihukumu mahakama yenyewe, unaachiwa msikilizaji. Hiyo ndiyo nguvu ya wimbo wa ushahidi: unalifungua upya faili ambalo dola imelifunga, na kulisoma mbele ya hadhira isiyoruhusiwa kusema kitu mahakamani.

Mfano wa pili unatuleta karibu zaidi na Kajiado. Mwezi Machi 1975, maiti ya Mbunge Josiah Mwangi Kariuki ilionekana kwenye vilima vya Ngong, katika eneo la Kajiado. Mwaka huo huo Joseph Kamaru alitoa wimbo wa kumlilia marehemu, na redio ya taifa haikutaka kuupiga. Kamaru naye alitoa ushahidi, na kwa kuutoa katika Kikikuyu aliupa wimbo wake utajiri wa mafumbo na semi ambao tafsiri hauwezi kuuhamisha wote. Hata hivyo utajiri huo ulikuwa pia mpaka. Jambo lilionekana katika nchi ya Wamaasai, lakini wimbo uliolihusu haukuwa na njia ya kumfikia Mmaasai wa Ngong bila mkalimani. Basi wimbo wa ushahidi una udhaifu wa aina mbili: ni rahisi kuuzuia redioni, na unafungwa na lugha uliyotungiwa.

Wimbo wa Kejeli

Mwaka 2001 Eric Wainaina alitoa Nchi ya Kitu Kidogo. Ufundi wake mkubwa umo katika jina lenyewe. "Kitu kidogo" ni tasfida ya rushwa. Ni maneno ya mtu anayetaka kuomba bila kuonekana ameomba. Wainaina ameichukua tasfida hiyo na kuitia kwenye nafasi ya kisarufi inayokaliwa na sifa kuu za taifa. Nchi huitwa ya amani au ya uhuru. Hii imeitwa ya kitu kidogo. Neno lililokuwa likinong'onwa dirishani pa ofisi sasa linatamkwa kwa sauti ya watu wengi, na kwa kutamkwa hivyo linapoteza uwezo wa kuficha.

Mwaka uliofuata, Gidi Gidi Maji Maji walitoa Unbwogable. Hapa shina la Kijaluo, bwogo, lenye maana ya kutisha, limevikwa viambishi vya Kiingereza mbele na nyuma ili kumtaja mtu asiyetishika. Wimbo huo ulichukuliwa na muungano wa NARC katika kampeni za uchaguzi wa Desemba 2002. Tunaona kwamba neno geni kwa kila mtu linaweza kuwa mali ya kila mtu, kwa sababu hakuna kabila linaloweza kudai kulimiliki peke yake. Lakini tunaona pia hatari yake: wimbo wa mtu kujitambua uligeuka kuwa wimbo wa chama, na chama kilipoingia madarakani, neno likabaki bila kazi.

Wimbo wa Kuazimwa

Aina ya tatu ilijitokeza waziwazi mwezi Juni 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha. Wimbo uliovuma barabarani ulikuwa Anguka Nayo wa kundi la Wadagliz, ambao ni wimbo wa dansi usiotaja kodi, Bunge wala polisi. Mhakiki wa kimapokeo angeweza kuuweka kando mara moja. Yafaa tusiharakishe.

Tutazame jina. "Anguka" ni amri ya kumwongoza mchezaji, na "nayo" ni kiunganishi kilichobeba kiwakilishi cha ngeli ya I-ZI. Mchezaji anajua kwamba kinachosemwa ni ngoma au mtindo. Lakini kiwakilishi hakina nomino yake ndani ya amri, na umati ulipouchukua wimbo, nafasi hiyo tupu ilikaribisha nomino nyingine za ngeli hiyo hiyo: serikali, sheria, hata kodi. Hakuna aliyebadilisha neno. Muktadha peke yake uliibadilisha maana. Redio ingewezaje kuupiga marufuku wimbo usiosema lolote? Katika jambo hili wimbo wa kuazimwa umeushinda wimbo wa Kamaru.

Mizani ya Kitengela

Hata hivyo gharama ya siku zile haikuwa ya dansi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilihesabu vifo 39 kufikia tarehe 1 Julai 2024. Tarehe 7 Julai vijana walikusanyika Uhuru Park, Nairobi, katika tamasha la muziki la kuwakumbuka waliouawa. Kisha tarehe 19 Agosti watu watatu walikamatwa na kutoweka: mwanaharakati Bob Njagi, na ndugu wawili waliokamatwa Kitengela. Mahakama Kuu ilimwita Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi aeleze walipo. Alipokosa kufika mara kadhaa, alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama, hukumu iliyoondolewa baadaye alipojitokeza. Watatu hao waliachiliwa tarehe 20 Septemba, baada ya siku 32.

Hapo ndipo wimbo wa kuazimwa unapofikia ukomo. Nafasi tupu iliyopokea serikali na sheria haiwezi kupokea siku 32. Mtu aliyetoweka anahitaji kutajwa: alikamatwa lini, wapi, na nani aliulizwa akanyamaza. Ukimya ndio silaha ya anayeteka watu, na wimbo usiotaja kitu, hata uimbwe na maelfu, hauuvunji ukimya huo. Kwa kazi hii tunamhitaji Siti kuliko tunavyowahitaji Wadagliz.

Je, lazima tuchague kati ya ushahidi unaozuilika na umati usiotaja kitu? Hatudhani hivyo, na jibu liko Kajiado kwenyewe. Katika uimbaji wa Wamaasai, olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, ndiye aletaye maneno, na kundi humjibu kwa kibwagizo na kwa sauti za koo zinazorudiwa. Sehemu ya kundi hujifunzwa haraka. Sehemu ya kiongozi hubadilika kufuatana na tukio. Umbo hili lina nafasi ya habari mahususi na nafasi ya umati kwa wakati mmoja. Mtunzi wa Kitengela, mji ambao Kimaasai, Kiswahili na Sheng hukutana sokoni kila siku, angeweza kutumia umbo hilo ili tarehe na mahali vitajwe na mmoja, na viitikiwe na wote.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nyimbo za haki hazifanyi kazi moja. Ipo inayoshuhudia, ipo inayofichua kwa kejeli, na ipo inayokusanya watu. Kila moja ina fani yake na ukomo wake, na mhakiki anayezisifu zote kwa sababu zimo upande mwema hamsaidii mtunzi wala mwathiriwa. Yafaa idara zetu zizipe nyimbo hizi nafasi katika masomo ya ushairi, zikichambuliwa kwa ukali ule ule tunaoutumia kwa vina na mizani. Mtunzi akikosea katika wimbo wa mapenzi, hasara ni ya wimbo. Akikosea katika wimbo wa mtu aliyetoweka, mtu huyo anaweza kusahaulika.