Wilaya zinaongezeka, msimbo haubadiliki

Masomo mengi ya kutengeneza tovuti yakifika kwenye lupu humwambia mwanafunzi achapishe namba 1 hadi 10. Anaandika, anabonyeza, namba zinateremka kwenye skrini, anafurahi. Wiki inayofuata anapewa ukurasa wa kweli na anakwama. Zoezi lile limemzoesha kitu ambacho kazini ni nadra kukipata, yaani kujua mapema mizunguko itakuwa mingapi.

Mimi ningemwanzishia kwenye kisanduku cha kuchagua wilaya. Mtu wa Arua au Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, anakijua vizuri: fomu ya kuomba kazi au chuo, unagusa, orodha inafunguka, unatafuta kwenu. Eneo lao la West Nile linafaa sana kwa somo hili kwa sababu orodha yake haijawahi kutulia. Sensa ya 1991 ilikuta wilaya 3 tu: Arua, Moyo na Nebbi. Adjumani ikamegwa kutoka Moyo mwaka 1997, Yumbe ikatoka Arua mwaka 2000, Koboko nayo ikajitenga 2005. Zikafuata Maracha na Zombo. Pakwach ikaja 2017, Madi-Okollo na Obongi 2019, Terego 2020. Mwaka huohuo, tarehe 1 Julai, mji wa Arua ukawa jiji, huku gombolola (ngazi iliyo chini ya wilaya) kama Ajia zikibaki katika Wilaya ya Arua. Leo wilaya ni 12, na jiji juu yake.

Fikiria fundi aliyeandika fomu mwaka 2016. Wakati ule wilaya zilikuwa 8, kwa hiyo akaandika mistari 8 kwa mkono, kila mmoja na jina lake. Haikumchukua hata dakika tano. Ila orodha ileile aliihitaji pia kwenye ukurasa wa malipo na ule wa ripoti, akainakili. Pakwach ilipozaliwa akarekebisha mahali pawili, pa tatu akapasahau. Mtu wa Pakwach akajisajili vizuri, akalipa vizuri, kisha ripoti ikamkosa.

Dawa ni kutenganisha majina na kazi ya kuyachora. Majina yanakaa mahali pamoja, kwenye orodha. Lupu inayapitia moja baada ya jingine na kila jina inalifanyia kazi ileile. Wanaoanza, hata hivyo, wengi huiandika hivi:

for (let i = 0; i < 8; i++)

Maana yake: anza na i ikiwa 0, endelea maadamu i ni ndogo kuliko 8, kila mzunguko ongeza 1. JavaScript huhesabu vitu vya orodha kuanzia 0, kwa hiyo wilaya ya kwanza ina namba 0 na ya nane ina namba 7. Hadi hapo sawa. Lakini ile 8 ni mistari 8 ya mkono iliyovaa koti jipya. Ongeza Pakwach mwishoni mwa orodha: lupu itasimama kwenye Zombo kama jana, na Pakwach haitaonekana. Hakuna ujumbe wa kosa, kwa sababu kompyuta imefanya kile ilichoambiwa. Kwa macho yangu hili ni baya kuliko kutokuwa na lupu kabisa. Fundi anaamini amejikinga, basi haangalii tena.

Mahali pa 8 weka orodha.length, urefu wa orodha wenyewe, na tatizo linaisha. Halafu kuna alama ya <. Anayedhani kwamba "ndogo kuliko" inaacha wilaya moja nje huibadilisha kuwa <=, na kisanduku kikifunguka, chini ya Zombo kuna mstari wa kumi na tatu ulioandikwa undefined. Wilaya zikiwa 12 namba zao zinaishia 11. Lupu imekwenda kuchukua kitu kwenye nafasi ya 12, haikukuta kitu, nayo JavaScript ikaandika hivyo waziwazi. Ukiliona neno hilo mwishoni mwa orodha, chunguza sharti la lupu kabla ya kugusa kitu kingine.

Tangu 2015 lugha hii ina namna nyingine isiyohitaji kuhesabu chochote, na ndiyo ningeifundisha kwanza:

let machaguo = "";
for (const wilaya of orodha) {
  machaguo += "<option>" + wilaya + "</option>";
}
kisanduku.innerHTML = machaguo;

Hakuna i, hakuna 0, hakuna alama ya kukosea. Ikiwa majina ni 3, inazunguka mara 3. Yakiwa 12, mara 12. Kuna pia forEach, ambayo wengi wanaipenda kwa ufupi wake, lakini forEach haikatishwi katikati kwa break. Ukitafuta Koboko na umeshaipata kwenye nafasi ya tatu, for ya juu itakuruhusu uondoke. Lakini forEach itakupeleka hadi Zombo upende usipende.

Tazama mstari wa mwisho ulipo, nje ya mabano. Wanafunzi hupenda kuuingiza ndani, ili kila jina lipelekwe kwenye ukurasa papo hapo. Matokeo yanafanana, lakini kila mzunguko kivinjari kinalazimika kuvunja yaliyomo kisandukuni na kuyajenga upya kutoka mwanzo. Kwa wilaya 12 hutahisi lolote. Kwa vijiji vyote vya mkoa, kwenye simu ya bei ya chini, utahisi. Kusanya kwanza, chora mara moja.

Kuhusu while, lupu inayozunguka maadamu sharti lake ni kweli, nasema machache. Inafaa pale mwisho unapotegemea jambo litakalotokea. Anayeanza akiitumia kupitia orodha, mara nyingi husahau kuongeza i, nayo i inabaki 0 milele. Kivinjari huendesha JavaScript na kuchora ukurasa kwa foleni moja, kwa hiyo kila kitu kinaganda: vitufe havibonyezeki, simu inapata joto, chaji inakwenda. Upande wa seva, lugha ya PHP ina kinga. Kwa mpangilio wake wa kawaida kwenye tovuti, programu ikizidi sekunde 30 hukatwa.

Kosa linalosumbua zaidi halipo hata ndani ya lupu. Orodha ikiwa kwenye faili la mbali, ukurasa huiomba kwa fetch kisha msimbo unaendelea na safari yake bila kungoja. Lupu inafika, inakuta orodha tupu, inazunguka mara 0, inamaliza kwa amani. Sekunde mbili baadaye majina yanawasili na hakuna wa kuyapokea. Hata kwenye kompyuta iliyobeba faili hilo ndani yake hali ni ileile, kwa sababu lupu haingoji hata kufumba na kufumbua. Neno await mbele ya fetch, na jingine mbele ya kusoma jibu lake, linaiambia lupu isubiri. Na kabla ya kuzunguka, uliza kama urefu ni 0, ukiwa 0 mwambie mtu kuwa majina hayajafika.

Lupu ikishakaa sawa, kinachobaki ni orodha yenyewe, na hapo West Nile ina fumbo lake. Mwaka 2006 iliundwa Maracha-Terego, ikakwama kwenye ugomvi wa makao makuu. Maracha ikaendelea peke yake, Terego ikabaki Arua hadi ilipopata wilaya yake 2020. Makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp nayo yalikuwa Arua, leo yamegawanyika kati ya Madi-Okollo na Terego. Rekodi ya mwaka 2018 yenye neno "Arua" pekee yaweza kuwa ya mtu wa Ajia, wa Terego au wa Rhino Camp, na hakuna lupu itakayokisia. Ndiyo maana fomu inapaswa kuuliza gombolola pia, kwa lupu ya pili ndani ya ile ya kwanza: kila wilaya, kisha kila gombolola yake. Rekodi ihifadhi namba ya utambulisho ya gombolola. Ajia ikihamishiwa wilaya nyingine kesho, unabadilisha mstari mmoja kwenye orodha na rekodi za zamani zinaifuata huko.