Akwaponiki na Mgao Usiokatika

Akwaponiki ni mfumo wa kufuga samaki na kukuza mimea katika maji yaleyale yanayozunguka, hivyo kwamba uchafu wa samaki huwa mbolea ya mimea, nayo mimea huyasafisha maji kabla hayajawarudia samaki. Mfumo huu husifiwa kwa wingi wa mazao yake, lakini anayelima ili azigawie kaya zisizo na uhakika wa chakula huhitaji kwanza mazao yanayotoka kila wiki kwa kiasi kinachokaribiana, kwa kuwa kapu la mboga linalofika mara moja kisha likakatika kwa miezi miwili halimsaidii mzazi kupanga mlo wa wanawe. Njia ya kuupata uthabiti huo ilionyeshwa katika kisiwa cha St. Croix, chenye uhaba wa maji baridi, ambako James Rakocy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin waliuendeleza mfumo wao kuanzia miaka ya 1980.

Mfumo huo ulikuwa na matangi manne ya perege, kila moja likichukua mita za ujazo 7.8, pamoja na mabirika sita marefu yenye eneo la mita za mraba 214, ambamo mimea iliota juu ya mbao nyepesi zinazoelea huku mizizi ikining'inia majini. Maji yaliyotoka kwa samaki yalipita kwanza katika vyombo vya kutuliza mashapo na vichujio vya nyavu, kisha bakteria wakaigeuza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitreti, ambayo ndiyo chakula cha mimea.

Kiini cha mbinu hiyo kimo katika ratiba. Perege walikuzwa kwa wiki 24, lakini matangi hayakujazwa vifaranga kwa pamoja, bali kila baada ya wiki sita tangi moja lilivunwa na kujazwa upya, hata pakawa daima na samaki wa marika manne. Kama wote wangekuwa rika moja, chakula chao, na kwa hiyo mbolea ya mimea, kingekuwa haba mwanzoni na kupita kiasi mwishoni, ilhali kwa marika manne jumla yake hubadilika kidogo tu. Saladi nayo ilipandwa kwa zamu, robo moja ikivunwa kila wiki baada ya kukaa majini kwa wiki nne.

Kipimo kinachounganisha pande hizo mbili ni uzito wa chakula cha samaki, ambao watafiti hao waliuweka kati ya gramu 60 na 100 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mimea. Kwa eneo lote, hiyo ni takribani kilo 13 hadi 21 kila siku, na mradi usioweza kumudu gharama ya chakula hicho mwaka mzima ni afadhali upunguze eneo la mimea tangu mwanzo kuliko kuahidi mgao utakaokatika.

Mbinu hiyo ina masharti yake, kwani viuatilifu vingi vya mimea huua samaki, na dawa za kutibu samaki zaweza kuangamiza bakteria, kwa hiyo wadudu hudhibitiwa kwa njia za kibiolojia, na majani yanayoliwa mabichi hayapaswi kuguswa na maji ya samaki. Isitoshe, mboga za majani zina vitamini nyingi lakini nishati kidogo, hivyo mgao unaofaa huwa na samaki kwa ajili ya protini, na huambatana na nafaka au mizizi kutoka kwingine.

Kwa sababu hizo, mpango ulio sahihi huanzia siku ya ugawaji na kuhesabu kurudi nyuma: wiki nne za saladi majini, wiki tatu za miche kitaluni, na wiki 24 za samaki, ili familia iliyoahidiwa mboga siku ya Ijumaa izipate Ijumaa hiyo na kila Ijumaa inayofuata.