Kipimo cha Mpiga Gitaa

Ubishi juu ya nani ni mpiga gitaa mkubwa kupita wenziwe ni ubishi wa miaka mingi katika miji ya Afrika Mashariki na Kongo. Huyu husimama na Franco, yule na Nico Kasanda, na wa tatu huapa kwamba hakutokea aliyemfikia Mbaraka Mwinshehe. Aghalabu ubishi huo haufiki mwisho, wala sababu yake si ukaidi wa wabishani. Sababu ni kwamba hawajakubaliana juu ya chombo cha kupimia. Mmoja hupima kwa wepesi wa vidole, mwingine kwa sifa na wingi wa sahani za santuri zilizouzwa, mwingine kwa idadi ya walioiga. Watu watatu wenye pishi tatu za ukubwa mbalimbali hawawezi kupatana juu ya mchele.

Makala hii inakusudia kuzichungua pishi hizo moja moja, kisha kueleza ile ambayo mwandishi anaiona kuwa ya haki. Mfano mkuu utakuwa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, kwa sababu mbili. Kwanza, katika nyimbo zilizompa jina alipiga gitaa lake peke yake, bila bendi. Kwa hiyo hapana mwenzi wa kumfichia kosa wala wa kumwazima sifa. Pili, aliimba kwa Kiswahili, na kwa hiyo msomaji wa jarida hili anaweza kuupima mkono wake na neno lake kwa pamoja.

Tuanze na wepesi wa vidole. Kipimo hiki hupendwa kwa kuwa huonekana kwa macho: mkono ukienda mbio, hata asiyejua muziki hutambua kwamba jambo gumu linafanyika. Walakini ugumu si ukubwa. Bosco alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, kidole gumba na kidole cha shahada. Django Reinhardt, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910, aliungua moto mwaka 1928, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikupata tena nguvu ya kubonyeza nyuzi kama vingine; hata hivyo hapana mwandishi wa habari za gitaa anayethubutu kumwacha nje. Kama wingi wa vidole ungalikuwa ndio ukubwa, watu hawa wawili wangalikuwa nje ya hesabu.

Wanafunzi wa ushairi wanaujua mfano wa jambo hili. Mtu anaweza kutunga beti mia, kila mshororo ukawa na mizani 16, vina vya kati vikapatana na vya mwisho vikapatana, na bado akawa hajasema neno. Huyo twamwita mpangaji wa silabi, hatumwiti mshairi. Ni kweli kwamba asiyeweza kuzipanga silabi hawezi kutunga shairi la aina hiyo, na asiyeweza kuvitii vidole vyake hawezi kupiga gitaa. Wepesi, basi, ni sharti la kuingilia mlangoni. Si daraja la kukalia ndani.

Kipimo cha pili ni sifa. Hapa yatosha kuitazama habari ya Bosco mwenyewe. Jina lake lilivuka mipaka ya Katanga kwa sababu mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akisafiri na vyombo vya kunasia sauti, alimkuta Jadotville, mji ambao leo huitwa Likasi, akamrekodi. Miongoni mwa nyimbo za mwaka huo ni “Masanga”, na kwa wimbo huo hasa wageni wengi walimjua. Tuseme Tracey angalishika njia nyingine. Vidole vya Bosco vingalikuwa vile vile, na wimbo wake ungalikuwa ule ule, ila sisi tusingaliujua. Na hapana shaka walikuwako wengine katika miji ile ya migodi ambao gari la mnasa sauti halikuwapitia. Sifa, kwa hiyo, hutuonyesha njia lililopita gari; haitupimii aliyekuwa kando ya njia.

Kipimo cha tatu ni wingi wa walioiga, nacho kina uzito kuliko viwili vya kwanza. Bosco alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na sahani zake zilikuwa zikisikilizwa na wapiga gitaa wa Kenya waliopiga kwa vidole. Katika miaka hiyo hiyo George Mukabi alikuwa akiimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kwa namna ya Waluhya iitwayo omutibo, huku chupa ya soda yenye mikunjo ikikwaruzwa kushika mapigo. Ukimsikiliza Mukabi baada ya Bosco utasikia ukoo, lakini husikii nakala. Hilo ni jambo la maana: aliye mkubwa huwafungulia wengine mlango wa kusema yaliyo yao. Walakini kuigwa peke yake hakutoshi. Makosa nayo huigwa, na mtindo mbovu unaweza kuenea mji mzima kwa mwaka mmoja. Tuseme, basi, kwamba kuigwa ni ushahidi wa ukubwa, na kama ushahidi wowote hapana budi uhojiwe.

Kipimo ninachokitetea hapa nakiita kipimo cha haja. Mpiga gitaa ni mkubwa kwa kadiri ambayo kila sauti anayoitoa inahitajiwa na wimbo. Mtihani wake ni mwepesi kuusema na mgumu kuufanya: iondoe sauti moja katika fikira zako, kisha usikilize kama wimbo umepungukiwa. Wahakiki wa mashairi hutumia mtihani huu kila siku. Wakiona neno lililoingizwa ili mizani itimie tu, bila kuongeza maana, hulitia alama ya dosari. Gitaa nalo lina vijazio vyake. Waimbaji wanapopumzika, mkono usioweza kustahimili kimya hupanda na kushuka nyuzi, na msikilizaji hushangilia. Lakini ukiuliza kipande kile kilikuwa na kazi gani, jibu halipatikani.

Tuupeleke mtihani huu katika “Masanga”. Kidole gumba hutembea katika nyuzi nene kwa mwendo wake, na kidole cha shahada hucheza katika nyuzi nyembamba kwa mwendo mwingine. Njia hizi mbili zikipishana, sikio huunganisha sauti za huku na za kule, likasikia njia ya tatu ambayo hapana kidole kilichoipiga kwa makusudi. Mzunguko wenyewe ni mfupi, nao hurudi tena na tena. Walakini kila urudipo umebadilika kidogo, hapa kwa sauti iliyotangulia, pale kwa sauti iliyonyamazishwa. David Rycroft aliliandika gitaa la Bosco kwa alama za muziki katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, na jambo alilolichungua ni hilo hasa la mageuzi ndani ya marudio. Sasa jaribu kuiondoa sauti moja. Ukiondoa ya kidole gumba, njia ya tatu hutoweka. Ukiondoa ya kidole cha shahada, mzunguko hulemaa. Hapana kijazio. Umaskini wa vidole viwili umekuwa nidhamu, kama vile kipande cha mizani 8 kilivyo nidhamu kwa mshairi.

Katika nyimbo zake za maneno liko jambo jingine, nalo linatuhusu sisi watu wa lugha. Bosco alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, mji wa Msiri, mtawala aliyetoka Unyamwezi akajenga ufalme wake Katanga na kuuawa mwaka 1891. Baadaye kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwakusanya wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Kiswahili hicho kina sarufi na msamiati wake, na mara nyingi watu wa pwani wamekitazama kwa jicho la dharau. Maneno ya nyimbo hizi ukiyaandika peke yake katika karatasi, mistari hailingani urefu, vina havipo au vimetokea kwa bahati, na msomaji aliyelelewa na tenzi na mashairi atasema kwamba hapana sanaa.

Hukumu hiyo si ya haki, na gitaa ndilo shahidi. Kazi ya kupima na kufunga, ambayo katika shairi la pwani hufanywa na silabi na vina, katika wimbo wa Bosco imekabidhiwa nyuzi. Mzunguko wa gitaa ndio mshororo. Kwa kuwa kipimo kimeshikwa na mkono, mdomo uko huru: neno laweza kuingia mapema au kuchelewa, mstari mmoja ukawa mrefu na wa pili mfupi, na wimbo usianguke. Sauti ya mwimbaji haianzi palipoanzia gitaa wala haiishii palipoishia. Husafiri pamoja kama watu wawili wenye hatua zisizolingana wanaofika kwa wakati mmoja. Kuyachapisha maneno hayo bila gitaa, kisha kuyalaumu kwa kukosa mizani, ni kuing’oa nguzo na kuilaumu paa kwa kuanguka.

Yamkini msomaji atauliza kama kipimo cha haja kinawafaa wapigaji wa bendi, au kimeshonwa kwa kiwiliwili cha Bosco peke yake. Tukijaribu. Nico Kasanda (1939–1985), wa African Jazz ya Joseph Kabasele, alisifiwa kwa mistari mirefu iliyonyooka, iliyochukua mahadhi ya mwimbaji pale yalipoachwa na kuyafikisha mwisho. Franco (1938–1989), wa O.K. Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956, hupenda kukishika kipande kifupi na kukirudia hata wachezaji wasahau saa. Wapenzi wa Nico husema Franco hajui ila kurudia. Lakini sehemu ile ya wimbo imewekwa kwa ajili ya miguu, na mguu huhitaji kurudiwa kama mwimbaji anavyohitaji kujibiwa. Sauti za Franco zina kazi mahali pake, na za Nico zina kazi mahali pake. Kipimo hakikutupa mshindi mmoja, wala hiyo si kasoro yake. Kimetuonyesha kwamba tulikuwa tukipima vitu viwili.

Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) ni mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa la solo katika mwili mmoja, tangu Morogoro Jazz hata Super Volcano. Katika nyimbo zake bora gitaa hulipokea neno alilolitoa mdomoni na kulijibu, mara kwa kuliunga mkono, mara kwa kulisikitikia, hata msikilizaji akadhani anawasikia watu wawili wanaojuana. Katika nyingine, kipande cha kuchezea hurefuka kupita haja ya wimbo, ingawa labda si kupita haja ya ukumbi. Mhakiki anapaswa kuyasema yote mawili. Mapenzi yasiyotofautisha wimbo bora na wimbo wa kawaida hayamheshimu msanii.

Liko pingamizi moja kubwa. “Masanga” imependwa na watu wa nchi za mbali wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Je, si dalili kwamba gitaa hujitosheleza? Najibu kwamba haja ya sauti si lazima iwe haja ya neno. Gitaa likiwa peke yake, sauti huhitajiana zenyewe kwa zenyewe, kama tulivyoona katika njia ile ya tatu. Lakini mgeni aweza kufurahia shairi likighaniwa, vina vikimgonga sikioni, wala hatusemi kwamba amelisoma. Amepata sehemu ya haki yake, na sehemu iliyobaki inatungoja sisi.

Na hapo ndipo penye deni. Watu wa muziki wameziandika sauti na kuyaacha maneno. Watu wa lugha wameyaandika maneno, pale walipojali kuyaandika, na kuziacha sauti. Bosco alifariki kwa ajali ya gari Zambia mwaka 1990. Mbaraka naye alikufa kwa ajali ya gari Mombasa. Waliowasikia wakipiga mbele ya macho yao wanapungua kila mwaka. Nashauri kwamba kila wimbo wa gitaa utakaochapishwa katika kurasa zetu uandikwe pamoja na mizunguko yake: ionyeshwe gitaa linarudi mara ngapi kabla ya neno la kwanza, mstari upi umelazwa juu ya mzunguko upi, na ni wapi mdomo umenyamaza ili nyuzi ziseme. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa. Inahitaji masikio mawili, kalamu, na saburi ya kuurudia wimbo mmoja mara nyingi. Ikifanywa, tutaweza kubishana juu ya ukubwa wa wapiga gitaa wetu huku ushahidi uko mezani.