Fundi na Gia Isiyo na Alama

Fungua sehemu ya mbele ya injini nyingi za petroli na utakuta nukta mbili zimegongwa: moja kwenye gia ya krenki, nyingine kwenye gia ya kamshafti. Fundi anazilinganisha, anavisha cheni, anafunga kava, anaenda kunywa chai. Injini ya petroli ya Land Rover za zamani, zile 88 na 109 za miaka ya sitini na sabini, haina ukarimu huo. Kwenye gia yake kubwa ya cheni kuna meno, kuna tundu la katikati lenye mifereji kadhaa ya kii, basi. Alama aliyoachiwa fundi iko upande wa pili kabisa wa injini, kwenye flaiwili: herufi EP. Krenki ikisimama hapo, valvu ya ekzosi ya silinda ya kwanza inapaswa kuwa imefunguka hadi mwisho wake. Namna ya kujua kwamba imefika mwisho, hiyo ni juu yake.

Kwa asiyeijua kazi hii, shabaha ni kuoanisha vitu viwili vinavyozunguka. Krenki inapandisha na kushusha pistoni. Kamshafti, inayozunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili, inafungua valvu kwa nundu zake. Valvu ya kuingizia huanza kufunguka kabla pistoni haijafika juu kabisa, na ile ya ekzosi huchelewa kujifunga mpaka pistoni imeanza kushuka tena. Kwa kitambo kidogo zote mbili ziko wazi, na moshi unaotoka kwa kasi unasaidia kuvuta hewa mpya nyuma yake. Ukikosea jino moja la cheni, mpangilio wote huo umevurugika, na ubaya wake ni kwamba injini bado inaweza kuwaka. Itanguruma, mwenye gari atalipa na kushukuru, kisha kwenye mlima wa kwanza atagundua kwamba gari halina nguvu, linachemka na linakunywa mafuta. Hapo ndipo kabureta inaposingiziwa. Nimeona kabureta nzuri zikifunguliwa na kuoshwa tena na tena kwa kosa lililokuwa limelala nyuma ya kava la cheni.

Injini yenyewe ilianza kufungwa kwenye Land Rover Series II, mwaka 1958, kiwandani Solihull, Uingereza. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,286, silinda nne, na mfuatano wake wa kuwaka ni 1-3-4-2. Ilidumu hadi miaka ya themanini bila mageuzi makubwa; la kutajwa ni krenki ya beringi tatu kuwa ya beringi tano mwaka 1980. Kamshafti imekaa chini, ubavuni mwa bloku, na inazisukuma valvu kwa tapeti zenye roli, pushi rodi ndefu na roka. Hakuna cha kujivunia hapo mbele ya wapenzi wa magari ya mashindano. Lakini mgandamizo wake mdogo ulivumilia petroli duni, na spea zake zilifika hadi mahali ambapo lami haijafika. Polisi, misheni, hospitali za wilaya na hifadhi za wanyama zote ziliitegemea. Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover mwezi Oktoba 2024, nyingi za zile kongwe zilizokuja zinajiendesha zenyewe zilikuwa zimepita mikononi mwa mafundi ambao hawana hata kibao barabarani.

Mmoja wao, mzee ambaye vijana wake humwita Fundi tu, huanza kazi hii nyuma, si mbele. Anafungua kifuniko kidogo cha nyumba ya flaiwili, anachungulia kwa tochi, kisha anasugua kutu kwa brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa. Herufi zikianza kuonekana anazipaka chaki na kuifuta juu juu kwa kidole, ili ile iliyoingia kwenye mikwaruzo ibaki nyeupe. Sasa kijana anaweza kuizungusha krenki kwa spana, polepole, kwa mwelekeo uleule ambao injini huzunguka ikiwa inafanya kazi, mpaka mstari wa EP ukutane na kielekezi.

Kijana akipitiliza kidogo, harudishi ule mpitilizo tu. Anarudisha krenki nyuma sana, halafu anaileta mbele upya. Sababu yake ni kwamba kila mahali chuma kinaposhikana na chuma pana ulegevu, na ulegevu huo unapaswa uwe umeegemea upande mmoja wakati wote wa kupima. Ukifika kwenye alama kwa kurudi nyuma, umefika mahali pengine, hata kama macho yanakuambia ni palepale.

Cheni bado haijavishwa. Krenki imesimama kwenye EP na kamshafti iko huru, nayo inaweza kuzungushwa peke yake bila kuleta madhara, kwa kuwa krenki ikiwa hapo pistoni zote nne ziko karibu na katikati ya safari zao, mbali na valvu. Sijui kama aliyechagua kutumia kilele cha ekzosi alikuwa amewaza hilo au lilijitokeza lenyewe. Kwa vyovyote, fundi anayejua hivyo hafanyi kazi kwa hofu.

Kwanza anarekebisha tapeti ya valvu ile ya mbele kabisa, ekzosi ya silinda namba moja, kwa fila geji ya milimita 0.25. Kisha anafunga dayo geji juu yake, mguu wake ukiwa umesimama wima, na anaanza kuzungusha kamshafti. Mshale unapanda, unapunguza mwendo, unasimama. Fundi mwenye haraka atasema hapa ndipo.

Sipo. Juu ya nundu pamelala. Kamshafti inaweza kuendelea kuzunguka digrii kadhaa huku mshale umetulia kabisa, na katika digrii hizo zote valvu inaonekana imefunguka hadi mwisho. Kitu unachokitafuta ndicho hasa ambacho kipimo hakikioni. Kwa hiyo Fundi anakiacha kilele na kwenda kupima miteremko yake. Anairudisha kamshafti, anaileta tena mbele, na kabla nundu haijamaliza kuinua anasimama. Anasoma mshale na kuandika namba kwa kalamu ya risasi kwenye ukuta wa bloku. Kwenye gia anakwaruza mstari mwembamba unaoelekeana na alama aliyoiweka kwenye bloku. Halafu anaendelea kuzungusha. Mshale unapanda, unatulia, unaanza kushuka. Anaufuata mpaka urudi kwenye namba ileile aliyoiandika, kisha anasimama na kukwaruza mstari wa pili.

Huku kwenye mteremko mshale hauna siri. Kamshafti ikisogea kidogo tu, namba inabadilika, kwa hiyo kila mstari unaweza kuaminiwa. Kilichobaki ni kugawanya. Anachukua bikari, anapima umbali kati ya mistari miwili, anautia nusu, na katikati yake anakwaruza mstari wa tatu, mrefu kuliko mingine. Kamshafti anairudisha nyuma sana kama kawaida yake, kisha anaileta mbele mpaka mstari huo wa tatu uelekeane na alama ya bloku. Kilele kimepatikana bila mtu kukigusa.

Naweza kumtazama akifanya hivyo bila kuchoka. Zana zenyewe ni chache na mahesabu ni ya darasa la tatu. Kinachohitajika ni mtu kukubali kwamba jicho lake halitoshi, na kukubali huko kufanyike kila injini inapokuja, pamoja na ile ya leo, ambayo mwenyewe amesimama mlangoni anatazama simu.

Asiye na dayo geji naye ana njia. Nimeona fundi wa kijijini akiishika pushi rodi kwa vidole viwili na kuiviringisha taratibu huku mwenzake akizungusha kamshafti. Ikiwa huru inaviringika bila shida. Nundu ikianza tu kuishika, inagoma. Anatia alama hapo, anaendelea hadi upande wa pili, inapolegea tena anatia alama nyingine, na katikati ya alama hizo mbili ndiko anakokwenda. Si sahihi kama geji, na tapeti lazima iwe imerekebishwa vizuri kabla, lakini akili ni ileile.

Sasa ndipo cheni inapoingia, na hapa wengi hujikwaa. Cheni ni ya safu mbili. Upande unaovutwa na krenki hautakiwi uwe na ulegevu hata kidogo, kwa kuwa ndio unaobeba taimingi. Ulegevu wote unapaswa kwenda upande wa pili, ambako tenshena itaushughulikia. Fundi anavisha cheni kwenye gia mbili, anaitia gia kubwa kwenye kamshafti, na mara nyingi haikubali: ama cheni imelegea upande usiotakiwa, ama kii haiingii bila kuisogeza kamshafti. Ndiyo sababu ya ile mifereji kadhaa katikati ya gia. Haikupangwa kwa nafasi sawa. Kila mmoja unaiweka gia mahali tofauti kidogo ukilinganisha na meno, kiasi kilicho chini ya jino moja zima. Kwa hiyo anaitoa gia, anajaribu mfereji mwingine, anavisha tena, anabonyeza cheni kwa dole gumba. Bado. Mfereji mwingine. Kijana mpya aliwahi kuuliza, "Mzee, si tungesogeza kamshafti kidogo tu ikubali?" Akajibiwa, "Ukiisogeza, tulichokuwa tunapima tangu asubuhi ni nini?"

Kuna mafundi wanaokwepa yote haya kwa kugonga nukta zao wenyewe kwenye gia kabla ya kufungua injini. Siwalaumu kwa matengenezo madogo. Ukitoa cheni kubadilisha oil sili na kuirudisha ileile, nukta inatosha. Kwenye injini inayojengwa upya nukta hiyo ni ushahidi wa hali iliyokwisha. Cheni ya zamani ilikuwa imerefuka, na gia ilikuwa imelika. Pengine kamshafti mpya imetoka dukani Nairobi, gia imetolewa kwenye injini nyingine iliyokufa, na bloku ni ya tatu. Injini kuukuu nyingi za huku zimeungwa hivyo. Njia ya EP haijali vipande vimetoka wapi, kwa kuwa inakwenda kuiuliza valvu yenyewe iko wapi, kupitia kila kilicholika na kila kilicho kipya kati yake na krenki. Zamani nilidhani kukosekana kwa nukta ni uzembe wa kiwanda. Siku hizi naona kwamba gari lililokusudiwa kufunguliwa mbali na kiwanda, kwa spea zozote zitakazopatikana, lilistahili njia ya namna hii.

Kwenye dizeli ya ukubwa uleule, iliyoanza 1961, hatua ni karibu zilezile, ila mgandamizo ni 23 kwa 1, hivyo nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni finyu mno na kosa huko halisubiri mlima.

Cheni ikikaa, Fundi anafunga tenshena, kile kipistoni kinachosukumwa na springi na presha ya oili, chenye meno yanayokizuia kisirudi nyuma. Kava la mbele halifungwi bado. Krenki inazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, ili kamshafti imalize mmoja na cheni ijipange, kisha EP inaletwa tena kwenye kielekezi na geji inasomwa upya pande zote mbili za kilele. Zikikubaliana, anatikisa kichwa. Zisipokubaliana, gia inatoka.

Baada ya hapo zinafuata tapeti zote nane, na kwa hizo anawafundisha vijana hesabu ya tisa. Valvu namba nane ikiwa imefunguka kabisa, unarekebisha namba moja. Sita ikifunguka, unarekebisha tatu. Nne ikifunguka, tano. Namba ya iliyo wazi na ya inayorekebishwa lazima zijumlike kuwa tisa. Kijana anazungusha, anataja namba kwa sauti, anapitisha fila geji, na Fundi akiwa ameketi kwenye tairi anasikiliza kama jumla inakubali. Distribyuta wataifunga kesho, kwa sababu mwanga umepungua na mistari ya flaiwili haisomwi gizani.